Sarara Ndani ya Unga: Utangulizi wa Mapishi ya Kufunga

Kila anayepika sambusa ameshaingia katika elimu hii, hata kama hakuna aliyemwambia. Nyama ya kusaga ameipika mpaka maji yakakauka, akatia kitunguu na pilipili, akaiacha ipoe kabisa, ndipo akachukua manda na kufunga pembe tatu. Muulize kwa nini anasubiri nyama ipoe. Atakujibu kwamba ikifungwa ya moto manda italowa, na sambusa itapasukia kwenye mafuta. Jibu hilo fupi ndilo msingi wa kitabu hiki. Kufunga nyama ndani ya unga, kuanzia sambusa ya kijiweni hadi sarara nzima iliyovikwa unga wa matabaka na kuokwa kwa ajili ya wageni wa heshima, ni elimu ya maji: yako wapi, yanatoka lini, na yakitoka yaende wapi.

Nimeuandika utangulizi huu nikilifikiria jiko la Igamba, wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Nina sababu. Wengi wanaamini kwamba sarara ya kufungwa ni chakula cha hoteli kubwa za Dar es Salaam, na kwamba mtu wa Songwe akitaka kuionja lazima apande basi. Mimi nashikilia kinyume chake. Nyanda za Mbozi ziko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, na baridi ndiyo rafiki mkubwa wa unga wenye siagi. Ng'ombe wapo, viazi vipo, vitunguu na mayai vipo. Unga wa ngano unauzwa katika kila duka, na kisichopatikana kijijini kinapatikana Mlowo, Vwawa au Tunduma, kwenye barabara kuu iendayo Zambia. Mpishi wa Dar es Salaam huhangaika na unga unaoyeyuka mikononi mwake. Wa Igamba anaweza kuliweka donge lake kwenye meza ya jikoni saa mbili usiku na kulikuta asubuhi limekaza vizuri.

Asili ya mapishi haya ni ya mbali, lakini yamepita karibu na kwetu. Vitabu vya mapishi vya Baghdad vya karne ya 10 vinaeleza sanbusaj, nyama iliyofungwa katika unga mwembamba. Jina hilo lina asili ya Kiajemi, na ndilo lililofika pwani yetu likawa sambusa. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa, baadaye alifanyiwa ukarimu mkubwa Delhi, katika karamu za Sultani Muhammad bin Tughluq. Huko aliletewa nyama iliyopondwa pamoja na lozi, vitunguu na viungo, ikafungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Mkate wa mayai wa Mombasa, na ule unaokaangwa jioni Forodhani kule Unguja na kuitwa pizza, ni ndugu wa karibu wa chakula hicho: chapati nyembamba inatandazwa, nyama na yai vinawekwa katikati, pembe zinakunjwa.

Ulaya unga ulianza kama chombo. Katika Uingereza ya zama za kati, nyama iliokwa ndani ya kuta nene za unga mgumu zilizoitwa kwa neno lililomaanisha kasha, na mara nyingi kasha lenyewe halikuliwa. Baadaye unga ukawa mwepesi na wenye matabaka, na Wafaransa wakaivika sarara. Kwa Kiingereza chakula hicho kikaja kuitwa kwa jina la Wellington, mkuu wa jeshi aliyemshinda Napoleon huko Waterloo mwaka 1815. Msomaji asimhangaikie sana mkuu huyo. Alifariki mwaka 1852, na jina hilo la chakula lilienea katika karne ya 20. Katika kurasa zinazofuata nitakiita kwa jina linalokieleza chenyewe: sarara ya kufungwa.

Kabla sijaendelea, nitenganishe mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya. Afrika Mashariki na ya Kati ina utamaduni mkongwe wa kufunga chakula katika majani. Waganda wana luwombo, nyama au kuku na mchuzi wake ndani ya jani la mgomba. Wakongo wana liboke, samaki aliyefungwa majani na kuwekwa juu ya makaa. Hayo ni mapishi ya kufunga pia, lakini sheria yake ni nyingine. Jani haliliwi wala halidhuriki kwa maji. Mvuke ukijaa ndani yake ndio unaopika, na mchuzi ukibaki humo ndio utamu wenyewe. Unga unaliwa. Ukilowa, umekufa. Kwa hiyo aliyezoea majani asije na mazoea yake yote kwenye unga. Aje na subira tu.

Tuanze na nyama, maana hapo ndipo wengi hushindwa kabla moto haujawashwa.

Sarara ni mnofu mrefu unaolala chini ya uti wa mgongo, upande wa ndani, kuanzia karibu na figo hadi kwenye nyonga. Ng'ombe anautumia kidogo sana kutembea, ndiyo maana hauna nyuzi ngumu kama za paja au bega. Kila ng'ombe ana sarara mbili tu. Ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu ni mdogo wa umbo, na sarara yake ni ndogo pia. Ukipata ya kilo moja iliyosafishwa, shukuru. Lakini tatizo kubwa la kijijini ni shoka. Katika mabucha mengi nyama hukatwa pamoja na mifupa na kuuzwa kama mchanganyiko, na sarara huondoka vipande vipande katika mifuko ya watu wasiojua wamebeba nini. Hakuna wa kulaumiwa. Mnunuzi anayetaka kilo yake anataka kilo yake. Dawa ni kwenda jioni ya siku iliyotangulia, ukamkuta mwenye bucha ametulia.

"Habari za jioni, kaka. Kesho unachinja?"

"Nachinja, mama. Nikuwekee nini?"

"Naomba sarara zote mbili, nzima, usizipitishe shoka. Nitakuja kabla hujafungua."

Mazungumzo hayo ya nusu dakika yana thamani kuliko kitabu kizima cha mapishi. Ukifika asubuhi, tazama muhuri wa mkaguzi kwenye nyama. Usiuone kuwa jambo la serikali tu. Nyama ya ng'ombe inaweza kubeba mabuu ya tegu, na jicho la mkaguzi ndilo kinga ya kwanza. Moto wako ni ya pili.

Sasa jambo ambalo huwashangaza wengi: usiipike siku hiyo hiyo. Tumezoea kuamini kwamba nyama bora ni ile iliyochinjwa alfajiri na kuliwa mchana. Kwa supu, sibishi. Kwa sarara ya kuoka nzima, nabisha kwa nguvu zote. Saa chache baada ya ng'ombe kuchinjwa misuli hukakamaa, na hali hiyo huendelea hata siku nzima. Baada ya hapo vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe huanza kuzilegeza nyuzi. Iweke sarara kwenye friji siku mbili au tatu, juu ya sahani, bila kuifunika kwa plastiki. Italainika, na ngozi yake ya juu itakauka. Ukavu huo wa juu tutauhitaji. Asiye na friji atafute jirani mwenye friji. Baridi ya Mbozi ni nzuri kwa unga lakini haitoshi kuhifadhi nyama.

Ondoa utando mweupe unaong'aa, maana haulainiki kwa kuokwa. Mkia mwembamba wa sarara ukunje chini, ufunge kwa uzi wa pamba ili mnofu uwe na unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tia chumvi usiku wa kuamkia siku ya kupika. Kisha, siku yenyewe, ikaushe kwa kitambaa safi na uibabue pande zote katika kikaango cha moto sana chenye mafuta kidogo, dakika moja au mbili kila upande. Utasikia watu wakisema kubabua huku kunaziba vitundu ili maji yasitoke. Fikra hiyo ilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847, na si kweli. Nyama iliyobabuliwa hutoa maji kama nyingine. Sikiliza inavyochuruzika kikaangoni. Tunababua kwa ajili ya ladha na rangi. Rangi ile ya kahawia hutokea penye joto la nyuzijoto 140 na zaidi, na sehemu yenye maji haifiki huko, kwa sababu maji yakichemka joto halipandi tena. Igamba maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi kwa sababu ya mwinuko. Ndiyo maana nyama iliyolowa haibabuki, inachemka tu.

Iache ipoe. Kabisa. Mpishi wa sambusa alishakuambia.

Karibu robo tatu ya nyama ni maji. Sarara ya kilo moja ikiiva vizuri inaweza kutoa maji ya kujaza kikombe cha chai. Kikombe hicho kizima kitatokea ndani ya unga wako, gizani, usikione. Swali la mpishi ni moja: nani atakipokea? Wapishi wa Ulaya huzungushia nyama uyoga uliokatwakatwa na kukaangwa mpaka ukauke. Sisi tuna uyoga wa kutosha. Mvua zikianza, uyoga wa porini huuzwa kandokando ya barabara katika sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini, na ule wa kulimwa, maarufu kama mamama, hupatikana hata kiangazi. Nunua ule tu ambao wenyeji wanaujua na kuula. Uyoga usiojulikana unaweza kuua, na hakuna namna ya kuupika ikaondoa sumu. Nusu kilo inatosha. Ukate mdogo mdogo, uukaange bila haraka pamoja na kitunguu swaumu, mpaka sufuria iache kulia. Uyoga una maji hata kuliko nyama, takriban tisa ya kumi. Ukiukaanga nusunusu, utakuwa umeongeza kikombe cha pili badala ya kupokea cha kwanza.

Juu ya uyoga huo inahitajika shuka moja zaidi, na hapa napenda kuona sura za wanafunzi zinavyofunguka. Warusi wana samaki wao wa kufungwa ndani ya unga, na kati ya samaki na unga huweka chapati laini nyembamba za kunyonya maji. Wafaransa waliichukua hila hiyo. Nasi chapati hizo tunazo, tunawapikia watoto kabla ya shule: chapati za maji. Pika tatu au nne nyembamba, zisiwe na sukari. Zipange zikiingiliana kingo, tandaza uyoga juu yake, weka sarara iliyopoa katikati, viringisha uifunge. Ukipenda, ipake kwanza haradali au tangawizi iliyopondwa na pilipili manga. Irudishe kwenye friji nusu saa ikaze.

Sasa unga. Watu huuogopa kuliko nyama, na hapa naomba wasomaji wanisikilize vizuri, hasa wale wanaojua kupika chapati za kuchambuka. Unaposukuma donge, ukalipaka mafuta, ukalikunja kama kamba, ukalizungusha kama konokono na kulisukuma tena, unafanya kitu gani? Unatenganisha unga na unga kwa mafuta. Tabaka zinapopata moto, maji yaliyo ndani ya unga hugeuka mvuke. Mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Mafuta huuzuia unga kushikana, na tabaka zikaachana. Unga wa matabaka wa Wafaransa ni kazi hiyo hiyo, ila mafuta yake yamegandishwa na mikunjo inahesabiwa. Sijapata kuona sababu ya kumwambia mama anayechambua chapati kila Jumapili kwamba unga huu ni wa wataalamu. Mtaalamu ni yeye.

Kwa sarara ya kilo moja chukua nusu kilo ya unga wa ngano, chumvi kijiko cha chai, na siagi robo kilo iliyoganda. Katakata siagi vipande kama punje kubwa za maharage, uvichanganye na unga bila kuvifikicha viyeyuke, kisha tia maji ya baridi kidogo kidogo mpaka donge lishikane. Usilikande kama la chapati. Ukilikanda sana litakuwa na mvuto wa mpira na litarudi nyuma kila ukilisukuma. Lisukume liwe refu, likunje sehemu tatu kama barua, ligeuze, lisukume, likunje tena. Ukifanya hivyo mara nne, siagi imelala katika tabaka 81. Siagi huanza kuwa laini mno kabla ya kufika joto la mwili wako. Kwa hiyo kiganja chako ni adui, na hewa ya asubuhi ya Igamba ni msaidizi. Kati ya mikunjo lipumzishe donge penye baridi. Margarini nayo inafaa na huvumilia joto zaidi, ingawa ladha ya siagi haifikii.

Sukuma unga uwe na unene wa milimita nne, weka furushi lako la chapati za maji, funga, bana kingo kwa yai lililopigwa, mshono uwe chini. Paka yai juu. Toboa matundu mawili ya kutolea mvuke. Wengine huchora majani kwa ncha ya kisu. Fanya hivyo kama mkono wako umetulia, lakini chora juujuu.

Kuhusu tanuri, sitaki mtu aache kwa sababu hana oveni ya umeme. Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo; kutunza joto ni maarifa ya zamani katika ardhi hii. Chukua sufuria kubwa nene, tia mchanga mkavu kiasi cha vidole viwili, weka juu yake kistendi cha waya, funika kwa bati, palia makaa juu. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, kama unavyofanya kwa mkate wa kumimina. Sufuria ipate moto nusu saa kabla hujatia kitu. Mwenye oveni aiweke kwenye nyuzijoto 200. Muda ni dakika 40 hadi 50, lakini saa si shahidi wa kutegemewa; nunua kipimajoto cha kuchoma, ukipitishe katika tundu la mvuke hadi kiini cha nyama.

Hapa nina msimamo ambao vitabu vingi vya Ulaya haviungi mkono. Vinasema toa nyama kwenye nyuzijoto 50 au 55, ikiwa nyekundu ndani. Mimi nasema toa kwenye 65. Joto litaendelea kupanda lenyewe hadi karibu na 70 wakati nyama imepumzika. Shirika la Afya Duniani linashauri nyuzijoto 70, na mabuu ya tegu hayaishi katika joto hilo. Sarara, kwa ulaini wake, inavumilia. Paja lingekuwa kamba. Isitoshe wageni wetu hawali nyama yenye damu, na Waislamu kati yao wana katazo la damu. Naongeza neno kwa atakayeona majimaji mekundu kidogo kwenye kisu: hiyo si damu, bali ni maji ya nyama yenye protini iitwayo myoglobini. Hata hivyo mgeni hapewi mhadhara mezani. Pika iive.

Ikitoka, iache robo saa kabla ya kukata. Maji yaliyobaki ndani ya nyama yanatulia, yanakuwa mazito kidogo. Ukikata mara moja, mengi yatamwagika chini ya unga wako wa tabaka 81.

Fikiria sasa siku wakwe wanapokuja, mavuno ya kahawa yameshauzwa na malipo yameingia. Pilau ipo, na iwepo. Sarara haikuja kuifukuza. Kuna viazi mviringo vilivyookwa, kuna maharage mabichi, kuna kachumbari. Lakini katika sahani ya nyama ya mbuzi tuliyoizoea kila mmoja huchagua kipande chake, mwingine akapata mnofu, mwingine mfupa. Furushi hili linakatwa mezani mbele ya wote, vipande sawa vya unene wa vidole viwili, na kila mtu, mkwe mkubwa na mtoto wa mwisho, anapata unga, uyoga na nyama kwa kipimo kimoja. Nimeiona meza ikinyamaza kisu kilipopita na unga ukasikika unavunjika. Kwa mpishi, ukimya ule ni malipo.

Sura zinazofuata zitachukua kila kipengele kwa upana wake: kuku na samaki, manda na mkate wa mayai, tanuri za mkaa. Huhitaji kuzisoma zote kabla ya kuanza. Anza na sambusa kama mkono wako bado mgeni, kisha chapati ya kuchambuka, kisha njoo kwenye sarara. Na leo jioni pita kwa mwenye bucha uweke oda yako, kwa kuwa kesho ikifika saa moja asubuhi shoka litakuwa limeshapita.